Vitabu vya Picha Katika Simu: Tuwachagulie Vipi Watoto Wetu?

Baina ya Magharibi na Isha ndiyo saa ambayo nyumba zetu nyingi katika nchi hii ya kati, tangu Kondoa hata Mpwapwa, huwakusanya watu wake wote mahali pamoja. Baba amekwisha rudi kazini, watoto wametoka chuoni, chakula ki motoni. Zamani saa hiyo ilikuwa ni ya hadithi, na mwenye hadithi alikuwa bibi. Siku hizi, aghlabu, ni saa ya simu. Hatusemi hivi kwa kumlaumu mtu, kwani mwandishi wa maneno haya naye anayo simu, na mkewe amekwisha mwonya zaidi ya mara moja. Twasema hivi kwa sababu simu ile ile yaweza kuwa na vitabu ndani yake, vitabu vya watoto vyenye picha nzuri za rangi, na vingi katika hivyo havina bei. Ila vitabu hivyo si sawasawa vyote, na mwenye kuvichagua inapasa awe mzazi, wala si mtoto, wala si simu yenyewe.

Lililonitia kuandika ni jambo nililoliona Kondoa mwaka jana, nyumbani kwa shangazi yangu. Shangazi huyu ni mtu mzima. Alihitimu Msahafu angali msichana, na hata leo husoma juzuu yake kila siku baada ya Alfajiri bila ya kigugumizi. Lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, kwani katika siku zake wasichana wengi wa kijijini kwao walipelekwa chuoni na hawakupelekwa shule. Jioni ile mjukuu wake wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu, alikuwa amekaa ubavuni pake jamvini akimsomea kitabu katika simu ya baba yake. Kilikuwa kitabu cha wanyama: kila ukurasa una picha kubwa, na chini ya picha sentensi moja. Fisi amelala chini ya mbuyu. Sungura anakula karanga. Mtoto akisoma kwa sauti nzuri, hata mimi nikapendezwa.

Mara shangazi akanyosha mkono, akaifunika picha kwa kiganja chake, akasema, "Haya, mjukuu wangu, endelea."

Mtoto akanyamaza. Akakitazama kile kiganja, kisha akanitazama mimi. Akalisoma neno la kwanza kwa taabu, na la pili hakuliweza.

Nilimwuliza shangazi alijuaje, naye herufi zile hazijui. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "sisi chuoni tulikuwa hivyo hivyo. Mtoto ameihifadhi sura nzima, ukimwekea kijiti juu ya herufi moja katikati ya mstari, haijui. Mwalimu wetu alikuwa akituuliza kuanzia mwisho. Huyu macho yake hayakushuka kwenye maandishi hata mara moja."

Mtoto yule si mvivu wala si mjinga. Alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili hulifanya, yaani kushika njia ya mkato. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, tuliompa kitabu ambacho picha yake husema kila kitu, kisha tukamwacha nacho peke yake tukidhani kwamba anasoma. Wala si yeye peke yake. Upimaji wa Uwezo, ulioanza kufanywa katika wilaya za Tanzania mwaka 2010, ulionyesha kwamba walio wengi katika watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nadhani wengi wa wazazi wao walikuwa hawana habari, kwani nyumbani mtoto husoma barabara daftari lake alilokwisha lihifadhi.

Basi mimi tangu siku ile nimekifanya kiganja cha shangazi kuwa ndicho kipimo changu cha kwanza. Kabla ya kumpa mtoto kitabu, nakifungua mwenyewe, naifunika picha, nasoma maneno yaliyobaki. Yakiwa maneno hayo yana habari ndani yake, yaani mtu amefanya jambo, au ameogopa jambo, au ameficha jambo, kitabu hicho chafaa kwa mtoto anayejifunza kusoma. Yakiwa ni jina tu la kitu kilichochorwa, hicho ni kitabu cha mtoto wa miaka mitatu au minne, akae nacho pajani mwa mama yake ataje paka na kuku. Hicho nacho kina kazi yake, lakini cha darasa la tatu si hicho.

Nitatoa mfano wa kitabu kinachopita katika kipimo hicho. Bibi Ursula Nafula wa Kenya ameandika hadithi, na Catherine Groenewald akaichora, juu ya bibi mwenye bustani na mjukuu wake ampendaye kuliko wote. Bibi huyo ana siri moja: mahali anapoivishia ndizi. Mjukuu anaigundua siri, anaonja ndizi moja, kesho anachukua nyingine, akizificha ndani ya nguo yake, mpaka siku ya soko ilipofika. Picha yaweza kukuonyesha kikapu na ndizi na mtoto, lakini lile lililomo katika moyo wa mtoto yule anapoitwa na wazee wake jioni, picha haiwezi kulisema, sharti lisomwe.  Mwanangu wa miaka minane alipokwisha kusoma aliniuliza, "Baba, kumbe bibi alikuwa anajua?" Tukalizungumza neno hilo mpaka adhana ya Isha. Katika nafsi yangu naona mazungumzo yale yalimfundisha amana kuliko mawaidha yangu ya mwaka mzima.

Kitabu hicho na vingine vingi hupatikana katika maktaba ya mtandaoni iitwayo African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika ya Kusini. Vitabu vyake vimeandikwa na Waafrika kwa lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Iko na nyingine iitwayo StoryWeaver, ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa mwaka 2015, nayo ina vya Kiswahili. Vitabu vya shule vya serikali vimo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hizi tatu zamtosha mzazi kwa kuanzia, na hapana hata moja inayomtaka alipe.

Yawezekana msomaji akasema: kwani lazima nikae naye? Si simu yaweza kumfundisha? Jambo hili limepata kujaribiwa hapa hapa nchini petu, katika mkoa wa Tanga, tangu mwisho wa mwaka 2017 hata mwaka 2019. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170, vyenye masomo ya Kiswahili ndani yake, na vikawekwa vituo vya kuvichaji kwa nguvu za jua. Kabla ya kuanza, watoto 74 katika kila 100 walikuwa hawajapata kwenda shule, 80 katika kila 100 hawajapata kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya 90 hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilishuka ikawa nusu. Mwezi wa Mei 2019 tuzo kubwa ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Haya si mambo madogo, na mwenye kuyadharau hana insafu. Lakini tazama ile hesabu ya katikati, ya watoto 80 ambao hawajasomewa kitu na mtu yeyote nyumbani. Mashine iliwafaa kwa kuwa mahali pa mtu palikuwa patupu. Nyumba yenye baba anayejua kusoma, au dada aliye sekondari, au hata bibi mwenye kiganja, haina udhuru huo.

Kisha ziko simu, na ziko simu. Viko vitabu ambavyo ukimgusa simba hunguruma, ukigusa puto hupasuka, na katikati ya hadithi unafunguka mchezo wa kukusanya nyota. Watoto huvipenda mno hivi. Mwaka 2015 wataalamu watatu wa Uholanzi, Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus, waliyakusanya majaribio mengi yaliyokwisha fanywa juu ya vitabu vya namna hii. Waliona kwamba sauti na picha zinazokwenda pamoja na hadithi humsaidia mtoto kufahamu, lakini michezo na vitu vya kugusagusa humtoa katika hadithi, na hasa mtoto ambaye nyumbani kwake hapati vya kutosha vya kumchochea kujifunza. Na mwaka 2019 Dakta Tiffany Munzer na wenzake wa Michigan, Marekani, waliwatazama wazazi wakiwasomea watoto wadogo, wakaona kwamba kwa kitabu cha karatasi huzungumza zaidi juu ya hadithi, na kwa kitabu cha kwenye kioo mazungumzo mengi huwa ni "usibonyeze hapo" na "leta nishike mimi". Kila aliyewahi kumpakata mtoto mwenye simu atacheka kwa kulijua jambo hili.

Kwa hiyo mimi huchagua kitabu kinyamavu: kurasa zinazofunguka moja baada ya moja, picha, na maneno. Kisha nazima data kabla ya kumpa mtoto, ili usije ujumbe wa mtu katikati ya ukurasa. Na kitabu chenyewe nimekwisha kipakua mapema, mahali palipo na intaneti ya bure au siku niliyo na bando la kutosha, nikakiweka katika kadi ya kumbukumbu. Vijana wa vyuo vyetu hapa Dodoma ambao intaneti ya chuo wanayo wangeweza kuwafanyia hisani kubwa wazee wao wa vijijini kwa jambo hili moja, kwani mtu wa Haneti au wa Bereko hawezi kununua bando kila jioni ili mtoto asome kurasa kumi na mbili.

Lugha nayo yataka kutazamwa. Vingi katika vitabu hivi vimefasiriwa na ndugu zetu wa Kenya, na Kiswahili chao ni Kiswahili, ila bibi wao humwita nyanya. Mtoto wa Dodoma akisoma kwamba nyanya amekwenda sokoni, humwona nyanya wa kupikia mchuzi amevaa kanga. Hilo si kosa. Ni furaha, na mzazi akimweleza amemwongezea mtoto neno. Lakini kiko kitabu kimoja nilichokipakua, jina lake sitalitaja, ambacho bila shaka kilifasiriwa na mashine na hapana mtu aliyekisoma tena. Humo niliona kwamba "chemchemi ilifika, theluji ikayeyuka". Mwanangu akaniuliza chemchemi inafikaje, nayo haina miguu. Kwetu tunayo masika na tunayo kiangazi, na chemchemi ni mahali panapotoka maji, basi. Kitabu kile nilikifuta usiku ule ule. Mtoto anayejifunza kusoma huamini kwamba kila kilichoandikwa kina maana, na imani hiyo ndiyo inayomvuta kwenda mstari wa pili. Ukimvunjia imani hiyo kwa Kiswahili kisicho na maana, atarudi katika picha.

Na jambo hili kwetu lina uzito zaidi, kwa sababu watoto wetu wengi wa Kondoa hukua na Kirangi, na wa Chamwino na Bahi hukua na Kigogo, na Kiswahili cha kitabuni hukikuta shuleni. Vitabu vya African Storybook vimetolewa kwa idhini ya kufasiriwa na mtu yeyote. Kijana anayekijua Kirangi vizuri aweza kuchukua hadithi moja fupi, akaifasiri, na picha zikabaki zile zile. Kazi hiyo yataka jioni mbili na mzee mmoja wa kusahihisha. Kadhalika, nchi hii haina haja ya kuazima picha za dubu wa barafu. Michoro ya miambani ya Kolo, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina twiga na pofu na watu warefu wembamba, na watoto wa Kondoa wanakaa karibu nayo. Natamani siku moja nione kitabu cha watoto kilichoanzia pale.

Wako watakaoniuliza juu ya picha zenyewe. Wanavyuoni wamehitilafiana katika picha za vyenye roho, na sisi si watoa fatwa. Wako waliozichukia zote. Wako waliowaruhusu watoto kwa ajili ya mafunzo na mchezo, wakitoa hoja ya Bibi Aisha, ambaye alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), naye hakumkataza, habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kila nyumba na imwulize sheikh wake. Ama picha za Mitume, hizo walio wengi katika wanavyuoni wamezikataza, na yafaa mzazi akifungue chote kitabu kinachojiita cha visa vya Mitume kabla ya kumpa mtoto, kwani vingine vimechorwa na watu wasiolijua jambo hili. Lakini sioni sababu ya kumnyang'anya mtoto kitabu kwa kuwa kina sikukuu ya jirani yake Mkristo. Mtoto huyu darasani anakaa dawati moja na mwenzake huyo. Akiuliza, ajibiwe.

Liko na jambo moja ambalo hatulisemi sana. Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi huzungushwa vitabu vya watoto vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kila mtu hushukuru akasambaza kwa mwenzake. Vingi ni vya wachapaji wetu wenyewe ambao hawakutoa ruhusa. Kuandika na kuchora kitabu cha watoto kwa Kiswahili ni kazi yenye faida ndogo. Ndiyo maana mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ili kuwatia nguvu waandishi na wachapaji, na mwaka huo huo Mzee Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Kitabu kilichotolewa bure na mwenyewe ni halali yetu. Kile ambacho mwenyewe anakiuza, tukikichukua hivi, tumechukua ujira wa mtu. Twawezaje kumsomea mtoto hadithi ya ndizi za bibi katika kitabu kilichoibwa?

Na vitabu vya karatasi tusivisahau kwa kuwa simu imekuja. Mwenye uwezo wa kununua kimoja kwa miezi mitatu na anunue. Kitabu cha karatasi hakiishiwi chaji, na mtoto huweza kukilalia. Kwa watoto wadogo sana ningesema karatasi kwanza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku. Nyumbani kwetu robo saa imetosha, kitabu kimoja, na mara nyingi ni kitabu kile kile cha jana. Mzazi huchoka, mtoto hachoki, na katika mara ya tano ndipo macho yake hushuka kwenye maandishi.

Yule mjukuu wa shangazi alikuja Dodoma mjini wakati wa likizo pamoja na baba yake. Nilikuwa nimemwekea vitabu kumi na moja katika kadi. Vyote nilikuwa nimevisoma mwenyewe na kuvifunika picha zake, na mke wangu alivipitia baada yangu akaviondoa viwili ambavyo mimi nilivipenda. Mwezi uliofuata shangazi akapiga simu. Alisema mtoto amevimaliza, vinne amevisoma mara nyingi hata yeye mwenyewe amevihifadhi, na vitatu amevikataa kwamba ni vya watoto wadogo, nimletee vingine vyenye maneno mengi. Nikamwuliza kama bado anafunika picha.

"Sifuniki tena," akasema. "Sasa anazificha yeye mwenyewe, ananiambia nikisie kilichochorwa."